Kamba si Uzi

Laini Saba, Kibera
Jumapili, 11 Januari 1976

Kwa mjomba wangu Ogola,

Sisi huku tu wazima, na naandika nikitaka kusikia kwamba nanyi huko Kendu mko hivyo. Mama anasema mguu wake umepoa tangu aanze kuukanda kwa maji ya chumvi. Shule imefunguliwa na nimepewa darasa la sita, watoto hamsini na watatu, ingawa bado sina cheti cha ualimu na mwalimu mkuu hapendi nilisahau hilo. Ndugu yangu Nashon anakula vizuri, anakusalimu. Datsun uliyomwachia ipo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe ni la gari, na ulituambia zamani kwamba miaka kumi na minane ya gereji ilikufanya usijue kuyasema mambo ya gari kwa lugha nyingine.

Jana kuku wa mama alikimbilia chini ya gari la jirani mmoja hapa uani. Nililala kifudifudi nikanyosha mkono kumtoa, na mkono ukagusa tairi ya nyuma, upande ule usioonekana. Mjomba, nilimsahau kuku. Ukisimama nyuma ya gari hilo unaona tairi nzima yenye mifereji yake. Lakini upande wa ndani, unaotazama tumbo la gari, ilikuwa laini kama chupa. Tairi moja, nusu yake kijana, nusu yake mzee. Niliipapasa kutoka upande huu hadi ule, nikahisi kwa kidole mahali hasa ujana unapoishia. Nikazunguka upande wa pili wa gari. Vivyo hivyo.

Gari hilo lilishushwa mwezi wa Novemba kule Kawangware. Fundi alikata springi kwa msumeno wa chuma, mizunguko miwili kila moja, na sasa limekaa chini, na mwenyewe anasema limekaa kama duma anayenyemelea. Najua kwamba kabla ya hapo tairi zake zilikuwa zikilika sawasawa. Basi nifundishe. Kilichokatwa ni springi. Kwa nini kinachoumia ni tairi? Na kwa nini ndani tu? Tangu jana siwezi kufikiri kitu kingine. Leo kanisani mhubiri alisema mengi na mimi nilikuwa nikitazama magurudumu ya baiskeli iliyoegemezwa mlangoni.

Ni mimi mpwa wako,
Akeyo

*

Kendu Bay
20 Februari 1976

Mpwa wangu Akeyo,

Barua yako ilikaa dukani wiki tatu na juu ya meza yangu wiki mbili. Zile za dukani ni kosa la mwenye duka.

Hapa mahindi yametoka. Upepo wa juzi ulichukua mabati mawili ya jikoni na kuyapeleka kwa watu tusiosalimiana nao, kwa hivyo hatujui kama tutayapata. Mwambie dada yangu asiache kukanda huo mguu.

Huyo jirani yako bila shaka anataka gari lake lifanane na yale ya Safari Rally. Mwambie yale huinuliwa, hayashushwi. Mtu anayeshusha gari huko Kibera anatafuta mawe kwa tumbo.

Swali lako ni zuri kumshinda mwenye gari. Springi ikikatwa, gari linakaa chini, na kila kitu kinachoshika gurudumu kinavutwa mahali pasipo pake. Tairi haiwezi kusema uongo. Inavyotembea ndivyo inavyolika. Ikilika katikati, upepo umezidi. Ikilika pande zote mbili, upepo umepungua. Ikilika ndani, angalia kamba. Kamba ndiyo huharibika kwanza gari likishushwa. Kama kamba iko sawa, springi haina kosa, tafuta kwingine.

Sipendi kuandika mambo haya. Ni miaka mitano tangu niweke spana chini, na hakuna aliyenilazimisha. Usiniulize sana.

Datsun yangu inaendeleaje? Umeandika "ipo". Hata jiwe lipo.

Mjomba wako,
Ogola

*

Laini Saba, Kibera
Jumapili, 7 Machi 1976

Mjomba wangu mpendwa,

Asante kwa barua, na pole kwa mabati. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Mguu wake sasa unafika sokoni na kurudi. Watoto wangu wa darasa la sita wameanza eneo la duara, na hakuna hata mmoja anayeamini kwamba ile namba ya duara haina mwisho. Mmoja aliniuliza nani aliihesabu mpaka akachoka.

Nimefanya ulivyosema. Nilimwendea Wabwire, yule fundi wa kando ya reli unayemfahamu, tukapima kamba mara tatu. Mbele ilikuwa imepotoka kwa unene wa shilingi moja! Shilingi tu! Wabwire alipiga spana, tukapima tena, na sasa kamba iko sawa kabisa, mbele na nyuma.

Niliporudi nyumbani nilichukua karatasi. Gurudumu la gari lile huzunguka zaidi ya mara mia tano kwa kila kilomita. Kutoka hapa hadi Nakuru ni mara elfu tisini hivi. Mara elfu tisini kosa jembamba kama sarafu linaiburuza tairi kando kidogo, kidogo, bila mlio, na mwenye gari anaimba na redio. Niliiweka kalamu chini. Niliwahi kudhani kwamba mambo makubwa duniani hutokea kwa kishindo.

Jirani ameweka tairi mbili nyingine nyuma, si mpya kabisa lakini nzuri. Sasa tutaona.

Datsun ni nzima. Nashon huiosha kila Jumamosi.

Akeyo

*

Kendu Bay
25 Aprili 1976

Akeyo,

Mvua imetufungia njia, ndiyo sababu ya kuchelewa, au tuseme ni mojawapo. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Mmoja anakunywa kwa zamu yake na ya mwenzake.

Ikiwa kamba iko sawa mbele na nyuma kama unavyosema, basi springi haina kosa. Tairi zile za kwanza zilikuwa mbovu, au aliziokota. Jirani aendelee na safari zake.

Wabwire ni fundi mzuri. Nilimfundisha mimi.

Umesema Nakuru. Jirani huyo huenda Nakuru? Hujawahi kuniambia jina lake. Na mtu aoshaye gari kila Jumamosi hulitumia siku gani?

Ogola

*

Laini Saba, Kibera
Jumapili, 9 Mei 1976

Mjomba,

Sote ni wazima, na leo hizo ndizo salamu zote nilizo nazo. Barua hii nimempa Rosebella wa nyumba ya pili, anayesafiri kesho kuja huko kwa mama yake. Nimemwomba asiiache dukani, akupe mkononi.

Hakuna jirani. Gari ni Datsun yako.

Nashon aliishusha mwezi wa Novemba. Alinisihi nisikuambie, kwa kuwa ulipomwachia ulimwapisha kwamba hatakata kitu chochote humo, na mimi nilikubali kunyamaza. Kisha nikadhani nitajifunza kutoka kwako bila wewe kujua, na kulitengeneza bila yeye kujua, na kila mtu atabaki na heshima yake. Nimesoma miaka kumi na tatu na hayo ndiyo niliyofikiri.

Kila Ijumaa Nashon huchukua akina mama watano wa soko na kuwapeleka Nakuru kwa njia ya chini, ile ya mteremko wa Mai Mahiu. Huondoka saa saba mchana.

Barua yako ya Aprili niliisoma kwa sauti mezani, bila kutaja ni gari la nani. Nilitaka kumtuliza mama, aliyekuwa ameanza kuuliza. Nashon aliruka kutoka kwenye kiti. "Umesikia? Springi haina kosa! Anko mwenyewe amesema! Sasa mwalimu, rudi kwa chaki yako." Na tangu siku hiyo kila nikikaribia gari ananiimbia, "Springi haina kosa, springi haina kosa," mpaka watoto wa uani wameujua wimbo.

Lakini Mjomba, jana nililala tena chini ya gari. Zile tairi alizoweka Machi upande wa ndani zimekwisha. Si laini tena. Kuna mahali mpira haupo na nyuzi zinatoka, na kidole changu kilirudi na uzi mmoja mweupe. Nilimwita Nashon. Alizitazama akiwa amesimama, kutoka nyuma, akasema, "Mbona mifereji naiona?" Nikamwambia alale chini. Akasema shati lake ni safi.

Na kamba iko sawa! Nimeipima tena peke yangu. Nilifanya kama nilivyofanya na Wabwire: uzi wa nailoni nilioununua Makina, nikaufunga nyuma ya gurudumu la nyuma na kuuvuta hadi mbele ya gurudumu la mbele, unagusa tairi mahali panne, upande huu na upande ule. Hakuna nafasi inayopita unywele. Umesema kamba ikiwa sawa springi haina kosa. Nakuamini. Lakini naamini pia kidole changu, na siwezi kuviamini vyote viwili.

Ijumaa ni tarehe kumi na nne. Nijibu.

Akeyo

*

SIMU YA MAANDISHI
KENDU BAY, 12 MEI 1976

DATSUN ISITOKE. KAMBA SI UZI. OGOLA

*

Kendu Bay
12 Mei 1976

Akeyo,

Nimerudi kutoka posta sasa hivi. Simu nimelipia maneno machache kwa kuwa karani ananijua. Ukiisoma barua hii utakuwa umeshaelewa au utakuwa umechelewa, kwa hivyo sitaeleza sana.

Kosa ni langu. Miaka kumi na minane nimesema "kamba" na kila fundi akanielewa. Msimamizi wetu Mzungu alikuwa akilisema neno la Kiingereza kwa pua, camber, jina la jinsi gurudumu linavyosimama au kulala, sisi tukasikia kamba, tukaendelea na kazi. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliyesoma angelisikia na kwenda dukani kununua uzi. Ulichopima na Wabwire ni kitu kingine, ni jinsi magurudumu yanavyoelekea. Kinafaa. Lakini hakikuwa kile.

Ile "springi haina kosa" niifute vipi? Nimeiandika mimi, kwa mkono wangu.

Sasa nitaandika jambo, na usilijibu. Mwaka wa sabini na moja kijana mmoja wa Kawangware aliniletea gari, jina lake Ephantus. Alitaka lishushwe. Nilimwambia kamba itaharibika, akacheka, na alikuwa na kicheko kizuri, nikachukua msumeno. Baba yake ana ploti pale karibu na soko. Alikuja gereji baada ya mazishi ya mwanawe, akasimama mlangoni, akaniangalia kwa muda, akaenda zake. Hakusema neno. Angesema neno labda ningekuwa bado Nairobi.

Ndiyo sababu nilimwapisha Nashon. Sikumwambia kwa nini. Kijana ukimkataza bila kumwambia kwa nini, umemwonyesha njia tu.

Leo asubuhi nilivaa viatu nije mwenyewe. Nilifika hadi kituo cha basi. Nilikaa kwenye benchi mabasi mawili yakaondoka, nikarudi nyumbani.

Akifunga gari, nijulishe. Asipofunga, nijulishe vilevile.

Ogola

*

Laini Saba, Kibera
Jumapili, 30 Mei 1976

Mjomba wangu,

Nashon ni mzima. Naliandika kwanza kabla ya salamu, nikijua macho yako yatalitafuta. Nashon ni mzima, akina mama watano ni wazima, mama yetu ni mzima na mguu wake pia. Barua yako ilifika tarehe kumi na nane. Nimeisoma mara moja, nimeiweka kwenye sanduku langu la vitabu, na sijibu ulichosema nisijibu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeanza barua hii mara tano. Sikuwa na huzuni. Nilichokiona kilikuwa kikubwa kuliko karatasi, na kila nilipokiandika kilitoka kidogo.

Simu yako ilifika Alhamisi jioni. Niliisoma nimesimama mlangoni. "Datsun isitoke" nilielewa. "Kamba si uzi" nilisoma mara nyingi mpaka maneno yakapoteza maana, kama yanavyofanya. Kamba si uzi. Nilidhani kwamba ulitaka nitumie kamba nene zaidi. Cheka tu.

Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa shuleni nikaenda kwa Wabwire. Alikuwa chini ya lori, miguu tu nje.

"Wabwire, kamba ni nini?"

"Kamba?" Miguu ilitulia. "Si ile tulifunga na wewe."

"Mjomba anasema kamba si uzi."

Alijivuta nje akaniangalia. "Ah! Kamba ya gurudumu!" Akasimamisha kiganja mbele ya uso wangu, wima kama ukuta, kisha akakilaza kidogo, ncha za vidole zikimwelekea yeye. "Hii. Gurudumu ikilala hivi, hiyo ndio kamba. Lakini mwalimu, wewe uliniambia kamba na ukaja na uzi mkononi. Nikasema, mtu amesoma, anajua chenye anataka."

Mjomba, nilikitazama kile kiganja. Miezi minne nilikuwa nimeangalia magurudumu kutoka juu, kwa akili yangu, kama mistari kwenye karatasi. Sikuwahi hata mara moja kuliangalia gari kutoka nyuma, kama mtu anayemtazama mwenzake akienda zake. Neno moja tu, la herufi tano, na ndani yake vitu viwili, na mimi nilikuwa nimekishika kile kisicho na hatari na kukipima hadi unene wa unywele.

Nilikwenda Makina kwa mwashi mmoja anayejenga karibu na msikiti, nikamwomba timazi yake, lile pipa dogo la shaba lililofungwa kwa uzi ambalo hujua wima kuliko mtu yeyote. Alicheka. "Unajenga gari?" Lakini alinipa.

Nilipofika uani ilikuwa saa sita na nusu, na abiria walikuwa wameshafika na vikapu vyao. Nashon alikuwa akifuta kioo. Nilimpa simu yako. Aliisoma, na uso wake ukabadilika mahali palipoandikwa Datsun.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia."

"Sawa. Amesema isitoke." Aliikunja akaitia mfukoni. "Yeye yuko Kendu na mbuzi. Hawa watu wako hapa. Nitaenda pole pole."

Sikubishana naye. Nimegundua kwamba mimi na Nashon tukibishana, yeye hushinda kwa sababu anaimba. Nilining'iniza timazi kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu la nyuma, la kushoto, nikasubiri shaba itulie. Wabwire alikuwa amenifuata, bado na grisi. Gari likiwa tupu, rimu pale chini ilikuwa karibu na uzi, na pale juu ilikuwa imeingia ndani nusu ya kidole. Unaweza kulitazama gari hilo siku nzima usione nusu ya kidole.

"Basi?" alisema Nashon. "Hiyo ni nini? Hata mimi nikisimama siko wima."

Hapo ndipo nilipowaomba akina mama waingie ndani. Wote watano, na vikapu, kama siku zote. Wanne waliingia. Wa tano alikuwa Mama Kalondu, ambaye unamfahamu kwa sauti, kwa kuwa anasikika hadi Kendu.

"Mwalimu, mimi ni abiria ama ni mwanafunzi?"

"Ingia tu, Mama Kalondu."

"Mtihani ni wa nini? Sijasoma."

"Kaa tu. Wewe ndiye hesabu yenyewe."

Walicheka wote, na yeye akaingia mwisho, nyuma kushoto, juu ya gurudumu lile hasa. Gari likashuka. Na Mjomba, gurudumu likalala.

Najua wewe umeliona mara elfu. Mimi sikuwahi. Mbele ya macho yangu, polepole kama mtu anayesinzia, sehemu ya juu ya gurudumu iliingia chini ya gari na sehemu ya chini ikabaki nje, na ule uzi wa mwashi ukabaki wima, haujali, na kati yake na rimu paliingia vidole vyangu viwili vizima. Tairi ilikuwa imesimama juu ya ukingo wake wa ndani tu, mahali palepale penye nyuzi. Watu watano na vikapu vyao na bati lote lile juu ya upana wa kidole gumba. Na gari lilikuwa limesimama tu uani, halijaenda popote! Akina mama walikuwa bado wanacheka humo ndani. Kila Ijumaa wamekuwa wakicheka hivyo.

"Mwambie Mama Kalondu ashuke," nilisema. Alishuka, na gurudumu likainuka kidogo. "Apande." Likalala. Wabwire alifanya sauti ya ulimi.

"Mnanipima uzito?" alisema Mama Kalondu. "Semeni ukweli."

Nashon hakucheka. Alikuwa amechuchumaa kando yangu akiangalia uzi na rimu, rimu na uzi. Kisha alilala chini, na shati lake la Ijumaa, akaingiza mkono nyuma ya tairi. Alikaa na mkono humo kwa muda. Alipoutoa alikuwa na nyuzi tatu katikati ya vidole, nyeupe, na akazishika kwenye mwanga kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzake mfukoni mwake.

Alisimama akawaambia akina mama watafute gari lingine. Walimsema vibaya sana, Mjomba, sitaandika walivyomsema. Yeye alibeba vikapu vyao mwenyewe hadi barabarani.

Aliporudi, Wabwire alikuwa ameshatia jeki na kufungua magurudumu yote mawili ya nyuma. Aliyaegemeza ukutani, penye jua, upande ule wa ndani ukitazama uani. Sasa kila mtu aliweza kuuona akiwa amesimama, na wote walikuja kuutazama, hata watoto wa ule wimbo, na hakuna aliyeimba. Mama alitoka na bakuli la maharagwe akakaa kwenye kigoda. Wabwire alimweleza Nashon kwamba Kawangware wanazo springi za Datsun iliyogongwa mbele tu, nzima, zisizokatwa. Walikuwa wanajadili nani aende.

Mimi ndiye niliyeona. Kwenye tairi ya kushoto, penye nyuzi, palikuwa pametokea kitu kama jipu, ukubwa wa jicho. Tyubu ilikuwa inatafuta njia. Nilifungua mdomo niseme, na jipu likawa kama yai. Nilisema, "Wabwire—"

Sitasahau sauti hiyo. Si mlio wa kitu kuvunjika. Ni mlio wa kitu kilichovumilia. Gurudumu liliruka kutoka ukutani, likazunguka uani peke yake, likaanguka, na vumbi lililoinuka lilificha mlango wetu. Maharagwe ya mama yalikuwa kila mahali. Halafu Laini Saba yote ikanyamaza. Hujui kelele za hapa mpaka zikome, Mjomba. Mafundi wa reli waliacha kugonga. Nilisikia maharagwe yakiacha kubingirika.

Hakuna aliyeumia. Nashon alikuwa amesimama na mikono imeinuliwa nusu, kama mtu anayeshika usukani.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Wabwire aliangalia saa yake, akaigonga, akaangalia tena. "Saa nane na dakika tano."

Huondoka saa saba. Wewe unaijua njia ile, na unajua ukiondoka hapa saa saba, saa nane na dakika tano unakuwa wapi: lori mbele yako, ukuta wa mlima kulia, na kushoto hewa tupu mpaka chini bondeni. Sote tulijua. Mama aliweka bakuli chini, akaenda akamshika Nashon sikio, kwa nguvu, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, na hakuliachilia, na Nashon aliinama tu amwachie alishike.

Mimi nilirudi kwenye timazi. Ilikuwa bado inaning'inia kwenye bodi. Ule mshindo ulikuwa umeitikisa, na nilikaa nikiitazama ikipunguza, ikipunguza, mpaka ikatulia tena mahali pake. Nilifikiri: hii imekuwapo wakati wote. Wima imekuwapo. Haikuhitaji mimi niijue. Kisha Wabwire akanipa chai.

Springi za Kawangware zimewekwa. Wabwire aliipima kamba, ile ya kweli, gari likiwa tupu na likiwa limejaa, na mimi nikashika timazi, na vidole viwili sasa havipiti, hata kimoja hakipiti. Mwashi amepata chombo chake. Darasani niliwaeleza watoto habari ya neno moja lenye vitu viwili ndani yake, na wakaniuliza ni maneno mangapi mengine yako hivyo, nikawaambia sijui. Nimekuwa nikifikiri hilo kila siku tangu wakati huo.

Nashon ameniomba nimwachie nafasi hapa chini. Hajawahi kuandika barua tangu amalize shule, kwa hivyo usimcheke.

Mpwa wako,
Akeyo

Anko, ni mimi Nashon. Nilikuapia na nikakata. Gari sasa iko juu mpaka watu wa steji ya magari wananiuliza kama nimeweka ngazi ya kupandia. Wacha waulize. Hizo springi ulizokataza nisikate nimeelewa, na sitaki uniambie kwa nini kama hutaki, Akeyo hajaniambia pia na nimeona hataki. Juzi Ijumaa nilirudi barabarani. Mama Kalondu alikaa pale pale pake, nyuma kushoto, na vikapu miguuni. Kwa mteremko niliteremka na gia ya pili na sikuweka redio. Nilipofika chini niliangalia kwa kioo nione kama ameogopa. Alikuwa amelala, mdomo wazi. Alilala mpaka Nakuru.